Moyo na Figo: Kinga Moja kwa Viungo Viwili

Katika kliniki za magonjwa yasiyoambukiza yupo mgonjwa ambaye kila mhudumu anamfahamu, ingawa jina lake hubadilika kila siku. Ni mama wa makamo. Amekuwa na shinikizo la damu tangu ujauzito wake wa mwisho, kisukari kinatimiza mwaka wa tisa, na siku hizi miguu humvimba jioni na pumzi humwishia akipanda kilima cha kwenda nyumbani. Kliniki ya moyo humwongezea dawa ya kupunguza maji na nyingine ya kushusha presha. Wiki mbili baadaye kreatinini yake hupimwa na kuonekana imepanda, hivyo hupelekwa kliniki ya figo, ambako dawa zile zile husimamishwa ili figo zipumzike. Miguu huvimba tena, mama hulazwa, na safari huanza upya. Kila daktari ametimiza wajibu wake kwa dhati. Ziumiazo ni nyasi, kama isemwavyo juu ya fahali wawili, japokuwa hapa hakuna fahali aliyekusudia kupigana.

Kwa miaka mingi moyo na figo zilitazamwa kama pande mbili za mizani: ukiutendea wema upande huu, ule mwingine hushuka. Tafiti za muongo mmoja uliopita zimeivunja imani hiyo. Zipo sasa dawa ambazo mama huyo akizimeza, moyo na figo hukingwa kwa pamoja. Zipo pia dawa za zamani, za bei ndogo, ambazo zilikuwa zikifanya kazi hiyo tangu hapo lakini zikikatizwa mapema kwa sababu ya hofu. Hofu hiyo inastahili kuzungumzwa kwa kirefu kuliko dawa yenyewe, kwa kuwa humnyima mgonjwa kinga hata pale ambapo kidonge kimo kabatini.

Kijiko na mshumaa

Uhusiano wa viungo hivi viwili si ugunduzi wa jana. Richard Bright, tabibu wa Guy's Hospital jijini London, hakuwa na maabara ya kujivunia. Alitia mkojo wa mgonjwa katika kijiko, akaupasha juu ya mwali wa mshumaa, na mkojo ulipoganda ukawa mweupe mfano wa ute wa yai, alijua kwamba albumini, yaani protini ya damu, imevuja kupitia figo. Mwaka 1836 alichapisha habari za wagonjwa 100 wa namna hiyo. Maiti zilipopasuliwa, mara nyingi figo zilizosinyaa zilikutwa pamoja na moyo uliotanuka na kunenepa kuta zake. Bright hakuweza kupima shinikizo la damu. Kipimo cha kufunga mkononi kilikuja mwaka 1896. Hata hivyo kijiko chake kilikwisha kuonyesha kwamba mkojo hubeba habari za moyo.

Sababu yake imo katika jinsi damu inavyogawanywa. Mtu akiwa ametulia, moyo husukuma lita 5 hivi za damu kila dakika, na takriban lita 1 kati ya hizo huelekea kwenye figo, viungo ambavyo kwa pamoja uzito wake haufiki nusu kilo. Kila figo ina vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Kwa siku vichujio hivyo hupitisha lita 180 za maji, na zaidi ya asilimia 99 hurudishwa mwilini. Hakuna kiungo kingine kinachoutegemea moyo kwa kiasi hicho.

Moyo unapochoka, figo hupokea damu kidogo kuliko kawaida, nazo hazina njia ya kujua sababu. Huchukulia kwamba mwenye mwili huu amejeruhiwa na anatokwa damu, au amekaukiwa na maji safarini. Hutoa homoni iitwayo renini, mishipa ikajibana, chumvi na maji vikazuiliwa visitoke. Utaratibu huo humwokoa mtu aliyejeruhiwa, lakini kwa mwenye moyo uliochoka humwongezea mzigo. Damu inayoshindwa kurudi moyoni nayo hujaa katika mishipa na kuzibana figo kutokea nyuma. Ndiyo maana mgonjwa aliyevimba ambaye kreatinini yake imepanda mara nyingi huhitaji dawa zaidi ya kutoa maji, wala si pungufu. Jambo hilo huwashangaza madaktari vijana.

Ugonjwa husafiri pia kwa njia ya pili. Figo zikidhoofika, chumvi hubaki, presha hupanda, wingi wa damu hupungua kwa kuwa figo ndizo zinazotoa homoni ya kuchochea utengenezaji wa chembe nyekundu, na mishipa hukakamaa. Wengi wenye ugonjwa sugu wa figo hawafikii hatua ya dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, kwa sababu maradhi ya moyo na mishipa huwatangulia. Oktoba 2023 Chama cha Moyo cha Marekani kiliuunganisha mtandao huu wote chini ya jina moja, sindromu ya moyo, figo na umetaboli, na kuupanga katika hatua kuanzia 0 hadi 4. Jina ni refu na huenda lisidumu, lakini lina faida moja: humlazimisha daktari wa kiungo kimoja kuuliza habari za kiungo cha pili.

Kwa Afrika habari hii ina uzito wa pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa kushindwa kwa moyo katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na sababu iliyoongoza ilikuwa shinikizo la damu, si kuziba kwa mishipa ya moyo. Hao ni watu walio katikati ya umri wa kazi, wenye watoto shuleni, na shinikizo hilo hilo ndilo linalozichakaza figo.

Milango miwili ya kichujio

Ili kuelewa dawa mpya ni lazima kuanza na zile za zamani. Kaptoprili ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili, jararaca, ambaye akimgonga mtu presha yake huporomoka. Mwaka 1993 utafiti uliofanywa kwa wagonjwa 409 wa kisukari cha aina ya kwanza ambao figo zao zilikuwa zikivujisha protini ulionyesha kwamba waliopewa kaptoprili walipunguziwa kwa nusu uwezekano wa kufa, kuhitaji dayalisisi au kupandikizwa figo. Mwaka 2001 zilifuata tafiti za losartani na irbesartani kwa kisukari cha aina ya pili, nazo zikatoa ushahidi wa kuelekea huko huko.

Siri yake ni hii. Kila kichujio cha figo kina mshipa mdogo wa kuingizia damu na mwingine wa kuitoa. Katika kisukari na presha, mlango wa kuingilia hubaki wazi kupita kiasi ilhali ule wa kutokea umebanwa, na kichujio huvimba kwa shinikizo kama mpira wa bomba uliokanyagwa upande mmoja. Kwa miaka ya mwanzo vipimo huonekana vizuri, hata vizuri kupita kawaida, kwa kuwa figo inachuja kwa nguvu. Kumbe inajimaliza. Kaptoprili, enalaprili, losartani na jamaa zao huulegeza mlango wa kutokea.

Kwa takriban miaka ishirini hakukuwa na kitu kingine. Kilipopatikana kilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walichuja kutoka katika ganda la mti wa tufaha kitu kichungu walichokiita florizini. Mwaka 1886 Joseph von Mering alieleza kwamba florizini husababisha sukari kutoka kwenye mkojo. Haikufaa kuwa dawa, kwa sababu ilivuruga tumbo na haikufyonzwa vyema, lakini ilibaki maabara kama kifaa cha kuchunguzia figo. Wanasayansi waliigeuza umbo taratibu, na katika muongo wa pili wa karne hii vikapatikana vidonge vya kundi la vizuizi vya SGLT2: kanagliflozini, dapagliflozini na empagliflozini. Huziba njia ambayo figo huitumia kurudisha sukari kwenye damu. Mgonjwa hukojoa makumi ya gramu za sukari kila siku.

Kama dawa za sukari, hazikuwa na maajabu. Tangu 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imeanza kutaka kila dawa mpya ya kisukari ithibitishwe kwamba haiudhuru moyo, na ndiyo sababu pekee iliyofanya empagliflozini ijaribiwe kwa wagonjwa 7,020 waliokuwa na kisukari cha aina ya pili pamoja na maradhi ya moyo au mishipa. Matokeo yalitangazwa Stockholm mwaka 2015. Ilitafutwa hakikisho la usalama, ikapatikana tiba: vifo vitokanavyo na moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 38, na kulazwa kwa kushindwa kwa moyo kwa asilimia 35. Sukari ilikuwa imeshuka kidogo tu, kiasi kisichoweza kueleza matokeo hayo. Figo nazo, ambazo hazikuwa lengo la utafiti, zilichakaa polepole zaidi.

Tafiti zilizofuata zilijenga juu ya msingi huo. Mwaka 2019 kanagliflozini ilipunguza madhara makubwa ya figo, pamoja na vifo vya figo au moyo, kwa asilimia 30 kwa wenye kisukari na figo zinazovuja protini. Mwaka huo huo dapagliflozini iliwasaidia wenye kushindwa kwa moyo hata wasiokuwa na kisukari. Utafiti wenye maana kubwa zaidi kwa kliniki za kawaida ni DAPA-CKD wa mwaka 2020. Ulikuwa na wagonjwa 4,304 wa figo, theluthi moja yao wakiwa hawana kisukari kabisa. Vifo vya sababu zote vilipungua kwa asilimia 31. Kwa kila wagonjwa 19 waliotumia dawa kwa zaidi kidogo ya miaka miwili, mmoja aliepushwa kuporomoka kwa figo au kufa kwa ajili ya figo au moyo. Ni dawa chache za magonjwa sugu zenye hesabu kama hiyo. Inafaa pia kukiri kwamba wagonjwa kutoka Afrika kusini mwa Sahara walikuwa wachache mno katika tafiti hizi, na hiyo ni kasoro ambayo vyuo vya huku havina budi kuisahihisha kwa kazi yao wenyewe.

Vidonge hivi hufanyaje kazi kwa viungo vyote viwili? Sehemu ya jibu imo kwenye ile milango. Chumvi inapofika kwa wingi zaidi mwishoni mwa mfereji wa figo, kwa kuwa haikurudishwa pamoja na sukari, figo hupata ishara ya kuubana mlango wa kuingilia. Shinikizo ndani ya kichujio hupungua. Losartani hulegeza mlango wa nyuma, dapagliflozini hupunguza ufa wa mlango wa mbele, na ndiyo maana hutumika pamoja bila moja kuiondoa nyingine. Kwa upande wa moyo, chumvi na maji vinavyotoka huupunguzia mzigo. Yapo maelezo mengine kuhusu lishe ya misuli ya moyo, lakini wataalamu wangali wakiyajadili.

Kreatinini inapopanda

Hapa ndipo pa kukaa. Dawa inayopunguza shinikizo ndani ya kichujio ni lazima, katika wiki za kwanza, ipunguze pia kasi ya kuchuja. Kreatinini itapanda kidogo. Kupanda huko ni alama ya dawa kufika mahali pake, kama mzigo unapotuliwa kichwani na mbebaji akaacha kukimbia. Baada ya hapo mwendo wa kuchakaa hupungua, na miaka miwili au mitatu baadaye figo za aliyetumia dawa huwa katika hali bora kuliko za ambaye hakutumia.

Mhudumu asiyejua hivyo huona tarakimu imepanda na kuandika kwenye faili neno moja: simamisha. Kwa kalamu hiyo hiyo huwa ameifuta kinga ya moyo na ya figo. Hesabu ni nyepesi. Mgonjwa aliyekuwa na kreatinini ya mikromoli 120 kwa lita kabla ya kuanza losartani, akirudi baada ya wiki mbili na 145, ongezeko lake ni asilimia 21. Miongozo ya kimataifa inaelekeza dawa iendelee maadamu ongezeko ndani ya wiki 4 halizidi asilimia 30. Kwa mgonjwa huyu mpaka ni 156. Likizidi hapo, kwanza hutafutwa sababu: je, ameharisha au kutapika, dawa ya maji imezidi, anameza diklofenaki kwa ajili ya magoti, au mishipa ya kupeleka damu kwenye figo imekuwa myembamba? Kupunguza dozi hutangulia kuacha dawa. Potasiamu nayo hupimwa siku hiyo hiyo, kwa sababu ikipanda sana huweza kuusimamisha moyo, na hiyo ni hatari ya kweli isiyofaa kuchanganywa na hofu ya kreatinini.

Kuna walioamini kwamba figo zikishachakaa sana, kuacha dawa hizi kutazipa nafuu. Nchini Uingereza imani hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa 411 wenye ugonjwa wa figo uliokwenda mbali. Nusu waliendelea na dawa, nusu waliacha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Baada ya miaka mitatu walioacha hawakuwa na figo bora kuliko walioendelea.

Hata hivyo zipo siku ambazo dawa husimamishwa kwa haki. Mgonjwa anayetapika, kuharisha au kushindwa kula na kunywa aziache kwa muda dawa za maji, za kundi la losartani na enalaprili, na vizuizi vya SGLT2. Vilevile hivi vya mwisho huachwa siku tatu au zaidi kabla ya upasuaji mkubwa. Mtumiaji wa SGLT2 asipokula anaweza kupata asidi nyingi kwenye damu hata kama sukari yake haijapanda sana, na kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kuhema haraka ni dalili za kumrudisha hospitali mara moja. Kwa sababu hiyo dawa hizi hazitolewi kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza. Insulini kamwe haisimamishwi kwa uamuzi wa mgonjwa mwenyewe. Baada ya siku moja au mbili za kula na kunywa vyema, dawa zirudishwe. Tatizo la kliniki nyingi haliko katika kuacha, liko katika kusahau kurudisha: mgonjwa aliyesimamishiwa dawa kwa kuhara kwa siku tatu hukutwa miezi minane baadaye akiwa hana dawa, na hakuna anayekumbuka ni kwa nini.

Mengine ambayo mgonjwa anapaswa kuelezwa mapema ni fangasi sehemu za siri, kwani sukari hupita huko. Huzuiwa kwa usafi wa maji na hutibika kwa urahisi. Akina mama wengi huacha dawa kwa aibu kabla ya kusema. Anayefunga Ramadhani azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama. Kidonge cha SGLT2 kwa kawaida huhamishiwa wakati wa kufuturu, pamoja na maji ya kutosha usiku. Mwanamke anayetarajia kubeba mimba hana budi kubadilishiwa dawa kabla, kwa kuwa kundi la losartani na enalaprili humdhuru mtoto tumboni, na dawa mpya zinazotajwa hapa hazitumiki katika ujauzito.

Waliofuata

Finerenoni huizuia homoni ya aldosteroni, ambayo huacha makovu katika moyo na katika figo. Tafiti mbili zilizochapishwa 2020 na 2021, zikiunganishwa, zilihusisha wagonjwa zaidi ya 13,000 wa kisukari cha aina ya pili wenye ugonjwa wa figo. Matukio ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 14 na kuporomoka kwa figo kwa asilimia 23. Sharti lake ni potasiamu. Dawa huanzwa kwa tahadhari potasiamu ikiwa ndani ya kiwango cha kawaida, na husimamishwa ikizidi milimoli 5.5 kwa lita. Kituo kisichoweza kupima potasiamu kisiianze. Jamaa yake wa zamani, spironolaktoni, hupatikana kwa bei ndogo, na tangu 1999 inajulikana kwamba hupunguza vifo kwa asilimia 30 kwa wenye kushindwa kwa moyo kulikokithiri. Nayo yadai potasiamu ipimwe vivyo hivyo. Lakini wakati una kauli yake. Mwaka 2025 utafiti mkubwa wa kimataifa uliwapa spironolaktoni wagonjwa waliokwisha kufikia dayalisisi, na haikuwapunguzia vifo vya moyo.

Semaglutidi, sindano ya mara moja kwa wiki iliyopata umaarufu kwa kupunguza unene, ilifanyiwa utafiti wa figo uliochapishwa 2024 ukiwa na wagonjwa 3,533 wenye kisukari cha aina ya pili. Madhara makubwa ya figo, vikiwemo vifo vya figo na moyo, yalipungua kwa asilimia 24, na vifo vya sababu zote kwa asilimia 20. Mwaka 2025 ulifuata utafiti wa kuanza finerenoni na empagliflozini siku moja, badala ya kungoja moja ishindwe ndipo nyingine iongezwe. Albumini ya mkojo ilishuka kwa takriban nusu katika siku 180, zaidi ya ilivyoshuka kwa dawa moja moja. Kilichopimwa hapo ni albumini. Vifo havikuhesabiwa kama lengo, na msomaji makini aibakize tofauti hiyo akilini.

Kipimo kinachorukwa

Dawa zote hizi humfikia aliyekwisha kujulikana kuwa ni mgonjwa. Utafiti wa jamii uliofanywa Kilimanjaro na kuchapishwa 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 ya watu wazima. Mjini asilimia 15.2, vijijini asilimia 2. Wachache mno kati yao walikuwa na habari. Hilo halishangazi. Figo haziumi. Kiswahili kimeupa moyo kila hisia: watu hupiga moyo konde, huvunjika moyo, hutoa la moyoni, figo hazikupewa neno, nazo hunyamaza hadi sehemu kubwa ya kazi yao imekwisha potea.

Presha hupimwa mlangoni mwa kliniki, sukari hupimwa mezani, na kreatinini mara kwa mara. Albumini ya mkojo hurukwa. Ni kosa ghali, kwa sababu albumini huvuja miaka kadhaa kabla ya kreatinini kupanda, na uvujaji huo hutabiri pia kiharusi, mshtuko wa moyo na kushindwa kwa moyo. Kipimo bora hulinganisha albumini na kreatinini katika mkojo ule ule: chini ya miligramu 30 kwa gramu ni kawaida, na zaidi ya 300 ni uvujaji mkubwa. Pasipo mashine hiyo, kijiti cha kuchovya kwenye mkojo hakibaini uvujaji mdogo, lakini hubaini ule unaohitaji hatua za haraka. Kijiti kipo katika kliniki nyingi za wajawazito, hatua chache tu kutoka chumba cha kisukari.

Kuhusu bei, hali imebadilika kuliko inavyodhaniwa. Shirika la Afya Duniani liliingiza kundi la SGLT2 katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, na Septemba 2025 likaongeza semaglutidi na jamaa zake kwa wenye kisukari cha aina ya pili pamoja na maradhi ya moyo au figo. Nchini India hataza ya dapagliflozini ilikwisha 2020 na ya empagliflozini Machi 2025, na viwanda vingi vya huko vikaanza kuzitengeneza kwa bei iliyoshuka sana. Semaglutidi bado ni ghali kwa mwananchi wa kawaida. Kupanga kulivyo kwa haki ni kuanza na kinachopatikana: presha ishushwe chini ya 130/80 pale inapovumilika, losartani au enalaprili ifikishwe kwenye dozi kamili badala ya kuachwa kwenye dozi ya kuanzia kwa miaka, statini iongezwe kwa wanaostahili, kisha kizuizi cha SGLT2 kifuate mara mfuko au bima ikiruhusu.

Nyumbani nako kuna sehemu yake. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kikijumuisha ile iliyofichwa katika vikolezo vya mchemraba, samaki wa ng'onda na vitafunwa vya pakiti. Chumvi ikizidi, losartani hupungua nguvu. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zikichanganywa na dawa ya presha na ya maji, huweza kuziangusha figo ndani ya siku chache, nazo huuzwa dukani bila swali. Muuza duka la dawa akiuliza tu, “Una presha au kisukari?”, amefanya kazi ya daktari wa figo. Miti shamba isiyojulikana imo katika hesabu hiyo hiyo, na mgonjwa aitaje bila kuogopa kukaripiwa; anayekaripiwa leo hatataja kesho.

Baadhi ya hospitali zimeanza kumwona mgonjwa wa moyo, figo na kisukari siku moja, kwa faili moja. Pasipowezekana, hata daftari la mgonjwa lenye ukurasa mmoja wa safu nne, presha, kreatinini, potasiamu na albumini, pamoja na tarehe na sababu ya kila dawa iliyosimamishwa, hutosha kuwakutanisha madaktari wawili ambao hawajawahi kuonana. Mkojo wa kupima albumini uwe wa kwanza wa asubuhi inapowezekana. Usichukuliwe siku ya homa, ya hedhi au baada ya kazi nzito ya mwili, na ukionyesha uvujaji upimwe tena katika miezi mitatu inayofuata kabla ya mgonjwa kuambiwa kwamba ana ugonjwa sugu.